Nani Anaosha Gari Kwenda Vumbini?

Siku hizi mtu akinunua gari pale Majengo, majirani wanamuuliza linakula mafuta kiasi gani. Miaka ya tisini hatukuwa na upole huo. Swali lilikuwa moja tu: kalipata wapi? Na mimi, sijifichi, mpaka leo bado nauliza hilo la zamani. Juzi mwanangu wa mwisho kaja na kigari chake kipya, anapiga honi mlangoni kama harusi, na badala ya kumpigia vigelegele nikamwambia, "Shuka kwanza, unieleze." Akacheka. Hajui nimelelewa na mama wa namna gani.

Kwetu tulianza na baiskeli. Baba alikuwa mtu wa mpunga: ananunua Usevya, anaupakia kwenye malori ya watu, unakobolewa Mpanda mjini, anauza mchele sokoni. Baiskeli yake ndiyo iliyokuwa gari letu. Ilitupeleka kanisani, ilibeba kuni na mahindi, na mdogo wangu alipougua degedege ndiyo iliyomkimbiza hospitali. Enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Rukwa, mtaa wetu mzima ulikuwa na gari moja, la mwenye mashine ya kukoboa, nalo lilikaa juu ya mawe kuliko lilivyokaa barabarani.

Basi kiangazi kimoja tukasikia ngurumo mlangoni. Baba kakaa nyuma ya usukani wa Landrova kuukuu ya kijani, katabasamu nusu, mikono imeganda kwenye usukani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani ambebe. Majirani walitoka. Vigelegele vikapigwa. Mama alisimama kizingitini, mikono kifuani, hakupiga hata kimoja.

"Umelipata wapi?" akauliza.

"Mungu ni mwema, mama watoto."

"Mungu ni mwema siku zote," mama akamjibu, "lakini sijasikia hata siku moja kagawa Landrova."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila jibu hakutoa. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kwa mama mtu asiyejibu alikuwa ameshajibu.

Mtaa nao haukulala. Wanaume wa kijiweni wakasema ni pembe. Hifadhi iko pale, tembo wako pale, na yule bwana anakatiza katikati yake kila safari ya Usevya; jumlisha mwenyewe. Wanawake wa kisimani wakasema ndagu, ule utajiri wa kwa mganga unaokuja na masharti. Lisemwalo lipo, walisema, na wakaanza kutuangalia sisi watoto kama wanaohesabu nani atatangulia kufa.

Mama hakuamini tembo wala ndagu. Mama aliamini mwanamke. Alisema gari halimwangukii mtu kutoka mbinguni. Kuna mjanja Usevya mwenye mpunga wake na mali yake, kamnunulia mume wa mtu gari ili ampate. Na hili lilikuwa jambo la kututisha sisi watoto, kwa sababu mama alishaweka neno lake siku ya ndoa, mbele ya wazee wa pande zote mbili: siku bwana huyu akileta wa pili, mimi narudi kwetu Magamba, na watoto nawabeba. Mama hakuwa mtu wa vitisho. Akikwambia atakuchapa Jumamosi, Jumamosi unachapwa.

Lakini pia alilipenda lile gari, hapo ndipo penye uchungu. Mama alikulia kwenye ng'ombe wa watu. Baba yake, babu yangu wa Magamba, alikuwa amewekewa ng'ombe na Msukuma mmoja tajiri. Mila ya wafugaji ndivyo ilivyo: mwenye mifugo mingi haiweki yote zizini kwake, wanyang'anyi na wenye kijicho wataiona; anaitawanya kwa watu anaowaamini. Anayewekewa anakunywa maziwa na mbolea anamwaga shambani kwake, lakini ng'ombe siyo wake, na wa nani hasemi. Mama alikuwa akituambia, "Nimekunywa maziwa miaka yote bila kusema neno 'ng'ombe wetu'. Nataka kitu ambacho nitasema 'changu'."

Kwa hiyo alikaa na uzi mweupe na ndoano yake, akafuma vitambaa vya viti vya gari. Maua makubwa manne kila kiti, na pindo la vishada. Vilimchukua masika yote. Alipovitandika, ile Landrova ilipendeza ndani kuliko sebule yetu. Sasa hebu fikiria: mwanamke anamshuku mumewe usiku na mchana, na huku anafumia maua gari analolishuku. Ndivyo alivyokuwa.

Na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikuwa binti wa darasa la sita, mdomo mkali, na kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, yaani kuona kila kitu. Nikagundua kwanza kwamba baba hasemi "gari langu". Anasema "gari", au anasema "huyu". Jirani akitaka kuliazima, anakataa na jasho linamtoka. Vijana wa mtaani walitaka kuliandika maneno nyuma, kama magari mengine yalivyoandikwa, akawafukuza. Na siku ubavu wake ulipokwaruzwa na mkokoteni, baba alikaa chini. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akashika kichwa.

Kisha nikagundua la pili. Baba alikuwa analiosha gari kabla ya kwenda Usevya. Siyo akirudi, kabla. Analisugua mpaka matairi.

"Nani anaosha gari kwenda vumbini?" mama akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naosha. "Mtu anaosha gari akienda kuonekana. Anaonekana na nani?"

La tatu ndilo lililoua. Asubuhi ya safari, akishamaliza kuosha, baba aliingia ndani ya gari na kutoa vile vitambaa. Kimoja kimoja. Alivikunja kwa adabu, akaviweka juu ya kabati. Akirudi, kabla hajanywa hata maji, anavitandika tena. Mara ya kwanza nilidhani anataka kuvifua. Mara ya pili nikamwambia mama.

 Mama alikuwa anachambua mchele, na ungo ukasimama mkononi.

Jioni akamuuliza mumewe kwa sauti tamu, sauti ambayo sisi watoto tukiisikia tunatafuta pa kukaa. "Baba watoto, vitambaa vyangu vina kunguni?"

"Hapana. Vumbi. Naogopa vumbi litavichafua."

"Vumbi la Usevya tu? La Magamba halichafui?"

Baba akainama kwenye sahani yake. Loo! Mimi mwenyewe nilimchukia siku ile, kusema kweli. Kwa mawazo yangu alikuwa anafuta dalili za mama yangu ili akakae na mwanamke mwingine kwenye kiti kisicho na maua.

Safari iliyofuata, mama alimwambia anataka kwenda naye. Baba akasema siyo safari ya wanawake. "Mh!" mama akasema, basi. Lakini ile Landrova ilipopotea tu kwenye kona, akaniambia, "Vaa viatu." Alikuwa ameshafunga nguo zetu kwenye mabegi mawili na kuyaacha kwa jirani, tukirudi na ushahidi, tunayachukua na kwenda moja kwa moja Magamba. Vitambaa alivitia kwenye kikapu. Akasema anakwenda kumtupia huyo mwanamke usoni, ajitandikie mwenyewe.

Tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Ile njia ya hifadhini mbung'o wanauma hata juu ya nguo, na abiria wote walikuwa wanajipiga makofi. Mama aliumwa hakujigusa. Nikajua leo kuna kazi.

Usevya tukauliza Landrova ya kijani, na kila mtu aliifahamu. "Iko kwa yule mjane, kule mwisho wa majaruba ya mpunga."

"Mjane!" mama akanong'ona. "Wajane wengine hata meno ya mwisho hayajaota."

Tukafuata tuta la jaruba mpaka kwenye boma la miba. Gari lilikuwa uwanjani, linang'aa pamoja na vumbi lote la njiani. Mama hakusubiri kuona mtu. Alianza kupaza sauti tukiwa bado langoni: mtoe huyo mke wako nimwone, mtoe leo, nimekuja mwenyewe, gari la watoto wangu limefuata nini hapa! Watu wakaanza kutoka kwenye maboma ya jirani, kwa sababu ugomvi wa wanawake hauna kiingilio.

Ndipo tukamwona mjane. Alikuwa bibi. Bibi mrefu, mkavu, peku, bangili za shaba mkononi, umri wa kumzaa baba na kubakiza. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma analitomasa kwa kidole gumba. Baba alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, kichwa kimeinama kidogo.

Mama alikatika katikati ya neno. Nilimtazama, nikaona uso umebadilika. Baadaye aliniambia aliona nini: alimwona baba yake. Hivyo hivyo ndivyo babu alivyokuwa anasimama Magamba, kofia mkononi, siku mwenye ng'ombe alipokuja kuwakagua. Mwenye mali anapita anashika nundu, anatazama kwato, na aliyewekewa anafuata nyuma akisubiri kusikia kama ametunza vizuri. Na ng'ombe siku hiyo wanasafishwa, wala hufungi hata kamba ya mapambo shingoni, mwenyewe asije akadhani umeshawafanya wako.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa limewekwa kwetu.

Lakini mama alikuwa ameshapiga kelele, na kelele hazirudi mdomoni. Kwenye kundi wakatoka wanaume wawili na fimbo zao. Walikuwa wadogo wa marehemu mume wa yule bibi, na yule mkubwa alizungumza kama mtu aliyesubiri siku hii.

"Shemeji," alimwambia bibi, "sisi tulitaka kukurithi wewe na ng'ombe wa kaka, ukakataa. Tukasema sawa. Ng'ombe wakawa wanapungua mnadani, ukasema njaa. Sasa kila siku hili gari liko hapa, unalipapasa. Huyu mama naye anauliza gari limefuata nini. Hata sisi tunauliza. Kama ng'ombe wetu wamegeuka chuma, leo tunaondoka na chuma."

 Bibi alisimama wima, mkono juu ya boneti. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba wale ng'ombe waliouzwa alikuwa amewapata kwa mpunga wake mwenyewe, kwa mgongo wake, lakini zizini walikuwa na alama ya ukoo masikioni, na alama ya ukoo ilikuwa ya wanaume. Gari halina masikio. Ndiyo maana aliwageuza kuwa gari, akalipeleka mbali, kwa mtoto wa mwanamke mwenzake waliyehama naye kutoka Usukumani wakiswaga ng'ombe. Mtoto huyo alikuwa baba yangu.

"Wewe," yule mwanaume akamgeukia baba. "Gari ni lako?"

"Ni langu," baba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na lilitoka vibaya, kama mtu anayetema mfupa.

"Apa. Huyo si mtoto wako? Mshike kichwa, uape."

Baba akaniangalia. Nilikuwa nimesimama pale na viatu vyangu vya Jumapili. Mkono ukainuka nusu, ukarudi. Hakuweza. Msukuma wa watu hakuweza kuapa uongo juu ya kichwa cha mtoto, na wale wanaume wakaanza kucheka kwa pua, kwa sababu walishapata jibu.

"Aape nini?" Ilikuwa ni mama. "Aape nini huyu malaya? Malaya ana kiapo?"

Akampita baba kwa bega, akafungua mlango wa gari ukagonga. "Gari letu! Nimekula mlenda mtupu ili lipatikane! Mnaona viti hivi? Mnaona?"

Watu wakasogea. Na mimi nikachungulia, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu nyumbani kilikuwa kimefunikwa daima. Jua lilikuwa limepita kwenye matundu ya vitambaa siku zote zile na kukausha rangi ya viti, na pale uzi ulipokinga rangi ilibaki. Maua manne kila kiti. Yamejichora yenyewe, ya kijani iliyokolea juu ya kijani iliyopauka.

Mama akatoa kitambaa kwenye kikapu, akakitandaza. Ua likakaa juu ya ua.

"Nani kafuma hivi? Nimefuma mimi! Mkono wangu huu! Anakuja huku anavitoa ili asionekane ana mke. Nani mwingine anaweza kuwa na maua haya? Wewe bibi unayo? Wewe mwenye fimbo unayo? Haya nionyesheni!" Kisha akamgeukia baba na kumchapa na kile kitambaa kifuani. "Na huyo hawara yako wa Usevya umemficha wapi? Kwa bibi wa watu ndiyo unapoegesha ili usijulikane? Huna haya!"

Kundi lilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Yule mwanaume mkubwa alitazama maua, akatazama kitambaa, akatazama mama ambaye povu lilikuwa linamtoka. Fimbo ikashuka.

"Mama we, mchukue mumeo," akasema. "Na wewe bwana, tafuta hawara wa karibu."

Tulirudi kwenye Landrova, mimi katikati yao, juu ya maua. Tukafika Sitalike, pale mtoni.

"Ungeniambia," mama akasema.

"Mali ya kuwekewa haitajwi. Unajua."

"Mimi ni mkeo."

"Ungefurahi," baba akasema, "na wewe ukifurahi, unasikika mpaka Magamba. Ukikasirika vilevile."

Mama akapiga dirisha kofi. Alilia mpaka tunaingia mjini, na sikujua analia nini hasa. Nilidhani ni furaha kwamba hakuna mwanamke. Sasa najua. Alikuwa na gari asubuhi, jioni hana, na mabegi yetu yalikuwa kwa jirani yanasubiri maelezo.

Maelezo yakawa haya: kweli bwana anaye mwanamke Usevya, nimemfumania, nimemsamehe. Angesema nini kingine? Watu wa lori walishaleta habari. Akikana, mtu atauliza basi gari ni la nani, na neno lina miguu, litafika kwa wale shemeji. Kwa hiyo mama yangu, aliyeapa mbele ya wazee kwamba hatakaa uke wenza hata siku moja, aliuishi miaka yote iliyobaki ya lile gari bila mwenza. Kisimani walimwimbia. Kanisani walimshika mkono kwa huruma, huruma ile ya kukuchoma. "Mke mdogo hajambo?" wanamuuliza, naye anajibu, "Hajambo, anawasalimu." Mimi niliambiwa nikifungua mdomo nitakatwa ulimi, na mama alikuwa mtu wa kutimiza. Siku moja nilimkuta jikoni anajifuta macho. Moto ulikuwa haujawashwa.

Vitambaa baba hakuvitoa tena.

Nilikuwa nimeshamaliza shule yule bibi alipokuja Majengo. Wale shemeji walikuwa wamehama na mifugo kwenda kutafuta malisho mbali kusini, na kijana wake wa kiume amejifunza kuendesha. Alikuja naye kwenye lori, pamoja na mtamba mmoja mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, amefungwa kamba. Mtaa mzima ukatoka kumwona huyu bibi wa Usevya aliyekuja na ng'ombe.

Alilizunguka gari taratibu. Akatomasa matairi. Baba nyuma yake, kofia mkononi. Bibi akafungua mlango, na mama akakimbilia ndani ya gari. "Subiri, mayu, nitoe vitambaa vyangu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Bibi akamshika mkono. "Usitoe," alisema chini chini. "Bila hivyo lisingekuwa langu."

Mila inajulikana: mwenye mali akichukua ng'ombe wake, aliyewekewa anaachiwa mtamba. Baba akanyoosha mkono kupokea kamba. Bibi akampita. Akamwekea mama kamba kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja, akapanda Landrova, akakaa juu ya maua. Kijana akawasha gari, wakaondoka.

Mama alibaki amesimama na ng'ombe katikati ya mtaa. Alipitisha mkono kwenye nundu yake, akarudia tena. "Wangu," akasema, siyo kwa mtu yeyote.

Jirani yetu mmoja, mwenye ulimi wake, hakuweza kuvumilia. "Kwa hiyo ndiyo mama yake yule mke mwenzio? Wamechukua gari, wamekuachia ng'ombe, na wewe umekubali?"

"Nimekubali," mama akajibu, na akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukisikia kwake kwa miaka. "Mke mwenza kama wa kwangu, nyie mtamtafuta mpaka mzeeke."

Baba akaenda nyuma ya nyumba, akaitoa baiskeli, akajaza upepo, akaenda kukata majani.